Kabla ya Sola, Tulianika Mawe

Kama umezaliwa juzi juzi huenda hujawahi kumuona mtu akianika mawe. Sisemi mawe ya kujengea. Nasema mawe ya redio, yale manene mekundu yenye picha ya paka. Redio ikianza kuongea kama mtu mwenye mafua, nyanyangu alikuwa anayatoa yote manne, anayafuta kwa ncha ya leso, anayapanga juu ya bati la banda la kuku saa sita mchana. Jioni anayarudisha. Na wallahi redio ilikuwa inasema tena. Tunasikia taarifa ya habari, tunasikia matangazo ya vifo, halafu katikati ya wimbo inakwisha pumzi.

Mimi nilikuwa naamini jua linaingia ndani ya mawe. Nilimwambia hivyo mwalimu wa sayansi darasa la tano, darasa zima likacheka, na mwalimu naye akacheka lakini hakunieleza kwa nini ni uongo. Nimekuja kujua baadaye sana. Jawe la redio ni kopo la zinki lenye kijiti cha kaboni katikati, na kati yao kuna ule unga mweusi wenye unyevu. Zinki inaliwa polepole, na kule kuliwa ndiko kunakotoa umeme. Ikishaliwa hairudi. Ule joto wa bati ulikuwa unachangamsha kemikali zilizobaki tu, kama chai ya mwisho kwenye birika ukiipasha moto: unapata kikombe kimoja, si birika jipya. Kwa hiyo nyanya hakuwa anachaji. Alikuwa anakamua.

Lakini wazo lake lilikuwa sahihi kabisa! Jua la bure liko juu, chombo cha kuweka nguvu kiko chini, kinachokosekana ni njia ya kuliingiza moja kwenye lingine. Hiyo ndiyo historia nzima ninayotaka kuwapigia leo, wadau, manake tangu transfoma ya mtaa wetu hapa Miritini ilipolipuka na tukakaa gizani siku nne, inbox yangu imejaa swali moja: "Bro, hizi betri za sola za nyumbani zinafanya kazi kweli ama ni kupigwa?" Nitajibu. Lakini nitapitia nyuma kwanza, kwa sababu jibu la haraka la ndio au la ndilo lililofanya watu wengi wanunue takataka.

Tuanze na stima yenyewe. Sisi watu wa Pwani tuna haki ya kujigamba kidogo, kwa sababu hadithi ya umeme wa Kenya haikuanzia Nairobi. Historia ambayo Kenya Power wenyewe huisimulia inaanzia Unguja, mwaka 1875, Sayyid Barghash alipojinunulia jenereta ya kuangazia kasri lake na mitaa ya karibu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akainunua, ikaja huku, ikazaliwa kampuni ya Mombasa Electric Power and Lighting. Kazi yake ilikuwa kuangazia kisiwa. Soma tena hapo: kisiwa. Huku bara, ng'ambo ya Makupa, haikuwa hesabu ya mtu. Mwaka 1922 ile ya Mombasa na ile ya Nairobi zikaunganishwa kuwa East African Power and Lighting, na mwaka 1983 jina likageuka kuwa Kenya Power and Lighting.

Kitu kinachonichekesha ni kwamba miaka ikasonga, mitambo ya kuzalisha umeme ikajengwa huku huku kwetu. Kipevu iko Changamwe. Ile ya Rabai ukiwa Mazeras uko jirani nayo. Moshi tukapewa sisi wa kwanza, stima ikatufikia tukiwa wa mwisho. Sisemi kwa hasira, naeleza ramani tu. Nyumba nyingi za huku ziliishi na koroboi na taa ya chemni hadi juzi, na wenye uwezo wakawa na karabai siku ya harusi. Ada ya kuunganishiwa stima ilikuwa shilingi 35,000 hadi mradi wa Last Mile ulipoishusha hadi 15,000 mwaka 2015. Hesabu mwenyewe: mtu anayelipwa kwa siku pale kwenye maghala ya kontena ana 35,000 ya kumpa nani?

Sasa turudi kwenye chombo cha kuweka nguvu. Betri inayochajika ina umri mkubwa kuliko balbu ya umeme ya nyumbani. Mfaransa Gaston Planté aliiunda mwaka 1859, vipande vya risasi vilivyozamishwa kwenye asidi. Risasi hapa ni ule madini mzito laini, si risasi ya bunduki, ingawa baadaye mtaona hata hii inaua. Betri ya gari unayoiona leo kwenye matatu ya Magongo ni mjukuu wa moja kwa moja wa ile ya Planté. Paneli ya sola ikachelewa karibu karne nzima: maabara za Bell za Marekani zilionyesha ile ya kwanza yenye nguvu ya maana mwaka 1954, na kwa muda mrefu ilikuwa kitu cha setilaiti. Katikati ya miaka ya 1970 wati moja ya paneli ilikuwa inauzwa makumi ya dola. Leo ni chini ya dola moja.

Kenya ilivyoingia hapo ni hadithi ambayo ilipaswa kuwa kwenye vitabu vya shule na haimo. Mwanzoni sola ilikuwa kitu cha mradi: friji ya chanjo kwenye zahanati ya misheni, mnara wa simu porini. Mwaka 1984 mhandisi Mmarekani aitwaye Harold Burris, aliyewahi kuja kama mjitoleaji wa Peace Corps, alianza kufunga sola kwa watu wa kawaida upande wa Meru, kwa wakulima wa kahawa. Mwenzake, Mark Hankins, alikuwa mwalimu katika shule ya harambee ya Karamugi huko huko. Shule ilikuwa inataka kununua jenereta. Hankins akawashawishi waende na sola, na Burris akaifunga huku akiwafundisha mafundi wa pale pale. Shule nyingine zikaja kuangalia. Walimu wakaona, wakafunga kwao. Mafundi wale wakaanza biashara zao. Na hapo ndipo Kenya ikawa kitu cha ajabu duniani: soko la sola la watu wanaolipa kwa pesa zao mfukoni, bila kusubiri serikali wala mfadhili.

Na unajua watu walikuwa wanataka nini? Wataalamu walidhani ni taa ya mtoto kusomea. Watu walitaka TV. Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, inayotumia betri ya gari ya volti 12. Kama kwenu ilikuwepo unajua: sebule moja, watu arobaini, mieleka, na mwenye nyumba anatoza shilingi tano. Kabla ya paneli kushuka bei, betri ilibebwa kwa baiskeli hadi sentani kuchajishwa, unaiacha, unarudi kesho, unailipia, unairudisha kwa uangalifu asidi isikumwagikie suruali. Suruali za wajomba zetu zilikuwa na matobo ambayo hayakutokana na umaskini.

Shida ilikuwa betri yenyewe. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kuwasha injini, halafu ijazwe tena mara moja. Wewe unaitumia polepole usiku kucha hadi ikauke. Hiyo ni kama kumchukua mkimbiaji wa mita 100 ukamwambia akimbie marathoni kila usiku. Ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara, inaharibika kwa miezi. Viwanda vya Kenya viliona hilo vikaanza kutengeneza betri za risasi za sola, zilizoimarishwa kidogo, lakini wanunuzi wengi waliendelea na ile ya gari kwa sababu ya bei. Sola ikapata jina baya. "Sola ni ya mwaka mmoja," ndivyo wazee walivyosema, na hawakukosea, ila aliyekufa alikuwa betri na si paneli.

Ngoja hapo niwaulize swali ambalo mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza hadi juzi. Betri hizo zote zilizokufa zilikwenda wapi?

Panda matatu hapa Miritini, elekea tauni. Kabla hujafika Changamwe, upande wa Mikindani, kuna kijiji kimebanwa kando ya barabara kuu kinaitwa Owino Uhuru. Watu kama 3,000, nyumba za udongo na mabati, zote zimegusana. Karibu mwaka 2007 kiwanda kilianza kazi ukutani mwa kijiji hicho. Kazi yake: kununua betri kuukuu za risasi, kuzipasua, kumwaga asidi, kuyeyusha risasi na kuisafirisha nje. Kwenye karatasi hiyo inaitwa urejelezaji, na inasikika vizuri sana. Moshi ulikuwa unaingia madirishani. Maji machafu yalipita kwenye njia ambayo watoto wanachezea. Mabati yalianza kuoza matundu. Watu wa pale waliajiriwa, na jioni walirudi na vumbi kwenye nguo, wakawabeba watoto wao.

Risasi mwilini si kama homa kwamba utameza dawa uipite. Inakaa kwenye mifupa, inaingia ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mwanamke aliyeajiriwa kiwandani mwaka 2009, Phyllis Omido, alipewa kazi ya kushughulikia tathmini ya mazingira. Akasema kiwanda hakifai kuwa pale. Halafu mtoto wake mchanga akaugua, hospitali zikahangaika na malaria na homa ya matumbo, hadi alipopimwa risasi ikaonekana. Hakuwa amekanyaga kiwandani, alikuwa ananyonya tu. Omido akaacha kazi, akaanza kupeleka watoto wengine wa Owino Uhuru wakapimwe, akaandika barua, akaandamana, mwaka 2012 akakamatwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman, ambayo ni kubwa sana, na mimi niliyekuwa nasoma dakika chache kutoka pale sikuwahi kusikia jina lake shuleni.

Kesi ilifunguliwa mwaka 2016 Mombasa. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikawapa wakazi shilingi bilioni 1.3, ikizigawa lawama kati ya kampuni na taasisi za serikali, NEMA ikiwemo. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifuta ile fidia. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Yaani mtoto aliyekuwa na miaka miwili kiwanda kilipofunguliwa alikuwa mtu wa miaka 19 wakati mahakama ya mwisho inasema ndio, ulidhulumiwa.

Sisemi betri zilizoyeyushwa pale zilikuwa za sola. Nyingi duniani ni za magari. Ninachosema ni kwamba betri ya risasi ni ile ile, iwe imetoka kwenye lori au chini ya kitanda cha mtu mwenye paneli, na ikifa inafuata njia ile ile: mwenye mkokoteni, dili wa skrepa, tanuri. Kwa hiyo mtu akikuambia sola ni nishati safi, muulize safi kwa nani. Mimi bado naitaka. Lakini nimeacha kuimba.

Haya, mambo yakageuka vipi? Vitu viwili vilikuja karibu pamoja. Cha kwanza ni lithiamu. Sony waliiuza betri ya lithiamu ya kwanza mwaka 1991 kwa ajili ya kamera, ikaingia simu, ikaingia laptopu, na waasisi wake watatu, Goodenough, Whittingham na Yoshino, wakapewa Nobel mwaka 2019. Ndani ya familia hiyo kuna aina moja inayotumia chuma na fosfeti, iliyotoka kwa timu ya Goodenough miaka ya 1990, na hiyo ndiyo unayoitaka nyumbani. Fundi akikuandikia LiFePO4 kwenye risiti, ndiyo hiyo. Haina risasi, haimwagi asidi, haishiki moto kirahisi kama zile za simu, na inavumilia kushushwa chini sana.

Cha pili ni M-Pesa. Watu wengi hudhani teknolojia ndiyo iliyoleta sola mitaani. Mimi nasema ni malipo. M-KOPA walipoanza kuuza mwaka 2012, unaweka kianzio, halafu shilingi 40 kwa siku kwa mwaka mzima, ukikosa kulipa boksi linajifunga lenyewe hadi ulipe. Arobaini ilikuwa karibu sawa na pesa ya mafuta ya taa na ya kuchajisha simu dukani. Mtu hakuongeza matumizi, alihamisha tu. Halafu Septemba 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa sababu yalikuwa yanachanganywa na dizeli, na koroboi likapoteza sababu yake ya mwisho ya kuishi. Kiwanda cha Eveready kule Nakuru, cha mawe ya paka ya nyanyangu, kilikuwa kimeshafungwa tangu 2014.

Na stima? Ikafika, tushukuru. Miritini leo ina stesheni kubwa ya SGR iliyofunguliwa 2017, taa zinawaka mpaka usiku unakuwa kama mchana (treni yenyewe inatumia dizeli, lakini hilo la siku nyingine). Ila kuwa na stima na kuwa na stima usiku huu ni vitu viwili tofauti. Agosti 25, 2023 nchi karibu nzima ilizima, hadi uwanja wa ndege wa Nairobi. Wale waliocheka sola ndio waliokuwa wanaomba kuchaji simu kwa jirani.

Basi swali lenu. Inafaa ama haifai? Inategemea unataka iwashe nini, na hapa naomba mtoe kalkuleta, manake ndipo watu wanapopigwa.

Betri hupimwa kwa wati-saa. Betri ya volti 12 iliyoandikwa ampea-saa 100 ni kama wati-saa 1,200. Ikiwa ya risasi, tumia nusu tu, 600, la sivyo unaiua. Ikiwa ya lithiamu ya chuma, waweza kutumia asilimia 80, karibu 1,000. Sasa nyumba yetu: balbu nne za wati 5 kwa saa tano, hiyo ni 100. Ruta ya wifi wati 10 kwa saa kumi na mbili, 120. Simu tatu, 45. TV ya inchi 32, wati 40 kwa saa nne, 160. Na feni. Msee wa Nairobi anaweza kuandika bajeti ya sola bila feni. Wewe uliyelala Miritini mwezi wa pili unajua hiyo ni mzaha. Feni ya kawaida ya kusimama ni wati 50, usiku wa saa nane ni 400. Jumla imefika 825 na betri ya risasi imeshakufa saa tisa usiku. Lakini kuna feni za volti 12 za wati 15: usiku mzima ni 120, jumla inashuka hadi 545. Kifaa kimoja tu kimebadilisha hesabu yote. Hakuna muuzaji aliyeniambia hivyo, niligundua kwa jasho, jasho la kweli.

Paneli ya kujaza 545 ni ya wati 200. Jua letu linatoa kama saa tano za nguvu kamili kwa siku nzuri, toa hasara ya joto, vumbi na nyaya, unabaki na wati-saa 700 hivi. Mwezi wa tano mvua ya masika ikikaa siku tatu mfululizo utapata chini ya hapo, na utazima TV. Ni sawa.

Pasi? Sahau. Pasi ya wati 1,000 nusu saa imekula 500, yaani umevaa shati lililonyooka na umelala gizani. Birika la umeme hivyo hivyo. Friji inawezekana lakini ni bajeti nyingine kabisa, betri mbili au tatu na paneli za kutosha, na kwa pesa hiyo mimi ningenunua samaki kidogo kidogo kila siku kama nyanya alivyokuwa akifanya.

Bei ya lithiamu dukani ni mara mbili au tatu ya risasi. Inauma. Ila ya risasi ukiitumia kila usiku kwa joto letu utaibadilisha baada ya mwaka mmoja au miwili, wakati ya lithiamu ya chuma iliyo halisi inahimili kuchajiwa mara 2,000 na zaidi, ambayo ni miaka mitano kila siku. Nimesema iliyo halisi. Kuna maboksi yanauzwa kama lithiamu na ndani ni seli za laptopu zilizokufa, zimefungwa plasta ya bluu. Njia yangu ya kijinga inayofanya kazi: ipime uzito. Ampea-saa 100 za lithiamu ya chuma ni kilo kumi hivi. Ukiliinua kwa kidole, umenunua boksi.

Joto ni adui mwingine tusiyemsema. Betri ya risasi inapoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi kumi juu ya 25, na chumba chenye bati bila dari mchana kinapita hapo mbali. Fundi aliyefunga ya jirani yetu aliiweka juu ya kabati, chini ya bati, ndiyo inakaa vizuri haionekani. Imevimba kama andazi. Iweke chini, sakafuni, penye hewa. Na panda upanguse paneli, hasa mkiwa karibu na barabara ya malori. Vumbi la hapa haliombi ruhusa.

Halafu kuna jambo ambalo hesabu haiwezi kulitatua: wengi wetu ni wapangaji. Bati si lako. Nilimuuliza mwenye nyumba wetu kama naweza kufunga paneli akaniambia, "Kijana wangu, ukitoboa bati langu utaliziba wewe?" Ana haki. Wanaoishi ghorofa ya pili kati ya nne hawana hata bati la kuomba. Kwa hao naona jibu ni dogo: betri ya kubebeka ya wati-saa 300 hadi 500, unaichaji kwa stima ikiwepo, na paneli ya kukunja unayoiweka dirishani au kwenye kamba ya nguo ukiwepo wewe mwenyewe kuilinda. Si sola kamili. Lakini inabeba wifi, taa na feni ndogo hadi asubuhi, na ukihama unahama nayo.

Na mawe? Yapo ya kuchaji siku hizi, ya nikeli, saizi zile zile ndogo za rimoti. Yanatoa volti 1.2 badala ya 1.5, na vifaa vingi havijali. Manne yanajazwa na paneli ndogo ya USB kwa asubuhi moja. Mimi nayatumia kwenye maiki yangu ya kurekodia na kwenye tochi. Kwa rimoti na saa ya ukutani usijisumbue, jawe la kawaida linakaa mwaka.

Nilimpelekea nyanya kule kwake mwezi uliopita. Nikamuonyesha: paneli kwenye jua, waya, mawe ndani ya chaja, taa ya kijani. Akaangalia muda mrefu. Akasema, "Si ndivyo nilivyokuwa nikifanya?" Nikasema ndivyo, nyanya.

Kilichobaki ni hii betri ya zamani. Kabla ya lithiamu tulikuwa na ya risasi, ya ampea-saa 50, ilikufa mwaka jana, iko hapa barazani imefunikwa gunia. Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inasema anayeleta bidhaa sokoni awajibike nayo hata ikishakuwa taka. Nilirudi dukani nilikoinunua, wakaniangalia kama nimeleta maiti. Jumamosi mwenye mkokoteni wa skrepa akapita akiita, akaiona, akatoa bei nzuri kuliko nilivyotarajia. Nikamuuliza ataipeleka wapi.

"Kwani wewe wataka pesa ama wataka safari yake?"

Nikamwambia apite wiki ijayo. Wiki ijayo ni kesho.